Chupa Aliyotuzwa Chura

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Mchana mlipiga kelele mpaka kuku wangu akahama banda, sasa mmekuwa mabubu? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogeeni. Wewe Mshamu, ondoa huo mguu kwenye chungu changu. Na wewe Mama Zaituni, nakuona unajifanya umekuja kuomba chumvi. Kaa. Chumvi haina miguu, utaikuta.

Leo mmetoka shuleni kumtazama chatu wa yule bwana wa nyoka aliyeleta maonyesho yake uwanjani. Mmemshika kobe, mmemshika kinyonga, mmemwona chura mkubwa kama sahani ya wali. Vizuri. Mimi nilipita pale uwanjani jioni kumtafuta mbuzi wangu, nikaona mlichokiacha. Chupa. Vifuko vya barafu. Makaratasi ya biskuti. Uwanja umejaa madoa kama kichwa cha mtoto chenye mashilingi ya choa. Na mbuzi nimemkuta anatafuna mfuko, ameshaumeza nusu. Nimeuvuta kama ninavuta utumbo. Amenitazama vibaya, nami nimemtazama vibaya.

Basi leo sina hadithi ya sungura. Ninayo ya chura.

Hapo zamani za kale. Si kale sana, chupa za plastiki zilikuwapo. Kale ya juzi na jana. Palikuwa na bwawa, jina lake Kitopeni. Bwawa dogo, matope mengi, mayungiyungi juu yake. Upande huu msitu. Upande ule barabara ya watu, na watu mnawajua, wakipita hupita na kutupa.

Katika bwawa lile walikaa wenye magamba na wenye ngozi mbichi. Kobe. Kenge. Chatu. Kinyonga alikaa kichakani hapo ukingoni. Na chura mmoja, jina lake Bi Rukia, mwenye koo nene na sauti ya kuamsha wafu.

Sasa wanyama wenzao, wenye manyoya, hawakuwapenda. Mwaka mzima ni matusi. Chatu akipita, "Nyoka huyo, pigeni!" Kinyonga akivuka njia, "Mkosi, mkosi!" Bi Rukia akiketi mlangoni kwa mtu, "Toka na mate yako!" Mwaka mzima wanatupiwa mawe.

Siku moja tu katika mwaka mambo yaligeuka. Masika yakiisha, bwawa likijaa, wenye magamba na wenye ngozi mbichi walipiga ngoma. Na wale wale waliotupa mawe wakaja kutazama. Swala akaja. Kanga akaja na wanawe. Nungunungu akaja, akaketi nyuma peke yake, maana hapana aliyetaka kuketi karibu na miiba. Nyani akaja na ukoo wake wote, akaketi mbele. Nyani alipenda mbele.

Na sheria ilikuwa moja: siku ya ngoma, hapana kuliwa mtu.

Aa, ngoma ilikuwa tamu! Kobe ndiye aliyekuwa ngoma yenyewe. Aliinama, Kenge akampiga mgongoni kwa mkia. Ndu! Ndu! Ndundundu! Chatu akacheza kwa kiuno, na Chatu mwili mzima ni kiuno. Kinyonga akabadilika rangi, kijani, manjano, samawati, kijani tena. Bi Rukia akapanda juu ya jani la yungiyungi, akajaza koo, akaimba. Naye aliimba hivi, na nyinyi muitikie "Kwaa." Kwa sauti. Si ile ya wagonjwa.

Mwenye macho aje kuona!

Kwaa!

Mwenye mkia ajikunje!

Kwaa!

Mwenye meno ayafunge!

Kwaa!

Leo ngoma ni ya maji!

Kwaa!

Naam. Hivyo hivyo. Yeye anatoa, watazamaji wanapokea. Hata akitoa chochote, wao ni kwaa tu.

Na ngoma ina desturi yake, mnaijua. Mchezaji akikufurahisha unamtuza. Arusini mnawaona wakubwa wenu wanacheza mpaka kwa mwimbaji, wanamwekea kitu kifuani, wanarudi kwa maringo. Na huko Kitopeni ilikuwa vivyo hivyo. Zamani walituzana maua ya yungiyungi, na tunda, na manyoya ya kanga. Ua likaoza, tunda likaliwa, unyoya ukapeperuka. Hapana neno.

Lakini Nyani akaenda barabarani. Akaona vitu vya watu, vinametameta, vinalia chakachaka. Akarudi navyo kwenye ngoma. Akasimama mbele ya wote, akaringa, akamvika Chatu mfuko mwekundu shingoni kama mtandio.

"Tuzo hiyo!" akasema Nyani. "Haiozi! Ya milele!"

Wee! Vigelegele. Tangu siku hiyo nani alete ua? Ukileta ua unachekwa. Wote wakawa wanapitia barabarani kwanza. Swala na kifuko. Kanga na vizibo vya soda. Kila mmoja akamtuza ampendaye, chaka, chaka, chaka.

Na desturi ya tuzo mnaijua pia. Tuzo haitupwi, ukiitupa umemtukana aliyekupa. Na tuzo ya mwenzio haiguswi, ukiigusa wewe mwizi. Basi chupa ikianguka majini, inakaa majini. Mfuko ukinasa kwenye yungiyungi, unakaa kwenye yungiyungi. Haokoti mtu. Mwenyewe haokoti kwa heshima, jirani haokoti kwa adabu. Masika yakaja, masika yakapita. Bwawa likajaa heshima mpaka kunywa maji ni taabu.

Kobe alinasa shingo kwenye pete ya kifuniko. Akaivaa. Afanyeje? Chatu alipojivua ngozi, ngozi ilikwama pale penye mfuko. Alijisugua siku nyingi. Ukimwuliza, "Tuzo ya Bwana Nyani hii, siwezi kuivua."

Msiwacheke. Mtu mwaka mzima anatupiwa mawe, siku moja anatupiwa zawadi. Wewe ungekataa?

Basi mwaka huo ninaousema, Nyani alimtuza Bi Rukia chupa. Si chupa hizi zenu. Ilikuwa nene, ya samawati, tumbo kubwa, shingo nyembamba. Ukiitazama juani unaona mbingu mbili. Bi Rukia alilia machozi. Aliisugua kwa ute wake mwenyewe, akailaza penye maji machache karibu na mlango wake, kila apitaye aione.

Msimu ukafika, Bi Rukia akataga. Mayai yakatoka watoto, weusi, mikia, vichwa tu, mnawajua. Mnawachota kwa vikopo mnawaita samaki. Wakasambaa bwawani. Mmoja tu, kitinda mimba, mlafi, aliingia ndani ya chupa akafuata utando wa kijani uliokuwa ukutani. Akala. Akala. Akanenepa. Mama yake akamwita Kibonge.

Bi Rukia akapita, akamwona mle ndani. Na chupa ile nene, yenye maji, ilimkuza. Kibonge alikuwa kama kokwa ya ubuyu, lakini kwa nje ukimwona ni kama embe.

"Alaa!" akasema Bi Rukia. "Kumbe nina mtoto mzuri hivi!"

Kibonge akataka kutoka acheze na ndugu zake.

"Kaa humo humo," akasema mama yake. "Watu wanapita, wakuone. Nani mwingine hapa ana mtoto wa ndani ya samawati?"

"Mama, wenzangu wako nje."

"Wenzako ni weusi kama matope. Kaa."

Akakaa. Mama akamletea chakula mdomoni pa chupa. Majirani wakaja kutazama. Kinyonga alikuja akageuka samawati kwa kumsifu. Kobe naye alikuja, polepole, na pete yake shingoni. Akatazama sana.

"Bi Rukia," akasema Kobe, "mtoto ameota miguu."

"Naiona. Si mizuri?"

"Mizuri. Mlango mwembamba."

"Husuda hiyo, Kobe."

"Husuda ya nini? Mimi natembea na nyumba yangu mgongoni tangu nizaliwe. Lakini kichwa natoa."

Bi Rukia akamgeuzia mgongo. Kobe akaenda zake. Kwenda kwa Kobe kunachukua muda, lakini alikwenda.

Siku zikapita. Ikafika tena siku ya ngoma. Asubuhi hiyo Kibonge aliamka ameota na mikono. Mkia umekuwa kijiti. Na mtoto wa chura akishaota mikono maji hayamtoshi tena, anataka pumzi ya nje kama mimi na wewe.

"Mama," akasema, "nimebanwa."

"Toka kidogo upunge upepo."

Akatia kichwa shingoni mwa chupa. Kichwa kikaingia. Mabega yakakataa. Akarudi. Akajaribu kwa miguu. Mguu mmoja ukatoka, mwingine ukakataa. Akarudi.

"Mama, mlango umekuwa mdogo."

Hapo ndipo moyo wa Bi Rukia ulipofanya pu! Akaivuta chupa mpaka ukingoni, mtoto apate hewa. Jua likapiga plastiki, ndani kukawa chungu kinachotokota. "Mama, joto!" Akairudisha majini. "Mama, pumzi!" Akaitoa. "Joto!" Akairudisha. "Pumzi!" Juani ataiva, majini atazama. Akaifunika kwa jani, akamwagia maji kwa mdomo, fyuu, fyuu, huku akipiga yowe kuita majirani.

Chatu akaja mbio. Akajizungusha, akabana. Chupa ikasema krak! Kuta zikaingia ndani, Kibonge akalia.

"Acha! Acha!" akasema Bi Rukia. "Utamponda! Na taratibu, usije ukaipinda, ni tuzo ya Bwana Nyani!"

Kobe akauliza, "Unalilia chupa au mtoto?"

Bi Rukia akaimwagia chupa maji tena, fyuu. Na mimi simjibii.

Kenge akakwaruza kwa kucha, kucha zikateleza. Akauma, meno yakateleza. Kobe hana meno. Kinyonga ana ulimi tu.

"Meno ya kutafuna kitu hiki hatuna," akasema Chatu. "Wenye meno ni wale wenye manyoya. Na alasiri hii wote wanakuja."

"Basi nitawaomba," akasema Bi Rukia. "Nitawaomba mbele ya wote."

Alasiri ikafika. Wakaja. Swala, Kanga na wanawe, Nyani na ukoo wake mbele, Nungunungu nyuma. Kila mmoja na tuzo yake, chaka, chaka, chaka. Kenge akampiga Kobe, ndu, ndu, maana bila ngoma watu hawatulii. Bi Rukia akaja akisukuma chupa kwa kifua, akaiweka juu ya jiwe katikati.

Kabla hajafungua kinywa, Nyani akaruka.

"Chupa yangu! Mmeiona? Ile niliyotuza mimi! Kamweka mtoto ndani! Huo ndio usanii!"

Vigelegele vikapasuka. Na mle chupani Kibonge akaona watu, akaona mwanga, akaanza kuruka. Tuk! kichwa kwenye ukuta. Tuk! Tuk! Tuk!

"Anacheza!" wakasema wote. "Anafuata ngoma!"

Ndu-tuk! Ndu-tuk! Ndundu-tuk! Ikawa tamu. Bi Rukia akapaza sauti juu ya kelele. Akatoa maneno, nao wakapokea.

Mwanangu hana pumzi!

Kwaa!

Naomba mwenye meno!

Kwaa!

Siimbi, jamani, nalia!

Kwaa!

Mnaona? Na nyinyi mmeitikia! Hata wewe Mama Zaituni, na nywele zako za mvi. Mtoto anakufa, nyinyi kwaa. Hivyo hivyo ndivyo walivyofanya. Si wabaya. Walikuwa wanafurahi, basi.

Na walipofurahi wakatuza. Chupa zikaruka. Mifuko ikaruka. Kizibo kikampata Kinyonga jichoni. Nyani akatupa vitu kwa mikono na kwa miguu. Vitu vikarundikana juu ya jiwe mpaka chupa ya samawati ikaanza kufunikwa, na mtoto ndani yake, tuk, tuk, tuk.

Kobe akaona. Amelala chini ya mkia wa Kenge, anapigwa, ndu, ndu, na anaona. Kobe hana sauti. Hana mbio. Ana mgongo tu, na mgongo wake ndio ngoma.

Basi akafanya jambo ambalo kobe hafanyi. Akasogea mpaka penye mteremko, akainua upande mmoja, akajipindua. Kiri! Tumbo juu, miguu juu, mgongo kwenye matope. Kobe akilala chali hajigeuzi mwenyewe. Jua likimkuta hapo, basi. Alijua.

Kenge akashusha mkia. Pwa! Matope. Akashusha tena. Pwa!

Ngoma ikafa.

Wote wakaduwaa. Tangu bwawa liwe bwawa, ngoma ya Kitopeni haijakatika katikati. Swala akashusha sikio. Kanga akawafunika wanawe.

"Kobe amekufa?" akauliza Nyani.

"Bado," akasema Kobe, chali, miguu hewani. "Nyamazeni. Mimi nimenyamaza. Sasa hiyo inayolia ni nini?"

Wakasikiliza.

Tuk.

Wakasikiliza.

Tuk... tuk.

Kule nyuma Nungunungu akasimama. "Huyo hachezi," akasema. "Huyo mtoto anagonga mlango."

Akaja. Watu wakampisha, si kwa heshima, kwa miiba. Akafukua lile rundo la tuzo kwa pua, akaitoa chupa, akaigeuza, akatafuta pa kuanzia. Nungunungu anatafuna mizizi, anatafuna mihogo ya watu, anatafuna hata mifupa. Akafungua mdomo.

"Simama!" akasema Nyani. "Hiyo ni tuzo yangu. Tuzo haivunjwi mbele ya aliyetuza. Mnataka kunivua nguo mbele ya wanangu?"

Nungunungu akamtazama Bi Rukia. Desturi ni desturi. Na mlangoni mwa Bi Rukia chupa ile ndiyo ilikuwa heshima yote aliyokuwa nayo duniani. Naye akaja kwa kuruka mara moja tu, akaketi mbele ya Nyani.

"Bwana Nyani," akasema, "uliponipa chupa hii nilikupenda. Mwaka mzima mnaniita mate. Siku ile ukaniita msanii. Nikaisugua kwa mate yangu haya haya. Nikamweka mwanangu humo ili niitazame heshima yako na mwanangu pamoja. Sasa ichukue. Mimi siitaki. Ichukue na kilichomo ndani. Nenda ukamlee."

Akaisukuma mpaka kwenye miguu ya Nyani.

Nyani akainama. Akatazama ndani. Kibonge alikuwa amechoka kuruka, ameegemea ukuta, kiganja kimoja kwenye plastiki. Nyani akatazama kile kiganja. Naye mgongoni alikuwa na kitoto chake kimemshika manyoya.

"Ana vidole," akasema Nyani.

"Ulidhani ana kwato?" akasema Bi Rukia.

Nyani akakaa chini, akaikumbatia chupa kwa mikono yote miwili.

"Tafuna," akamwambia Nungunungu.

"Ishike isizunguke," akasema Nungunungu. "Ikizunguka, jino langu litamfikia mtoto. Ishike karibu."

"Karibu vipi?"

"Karibu nami."

Na kukaa karibu na Nungunungu ni vile mnavyojua. Akaanza, ng'aru, ng'aru, ng'aru. Kila anapotafuna anatikisika, na kila akitikisika mwiba unamwingia Nyani.

"Aii!"

"Usitikise."

"Umenichoma tumbo!"

"Usitikise, nimeshatoboa."

Ng'aru, ng'aru. Plastiki ngumu ile, ina ukali. Fizi za Nungunungu zikatoka damu. Machozi ya Nyani yakatiririka mpaka puani, lakini mikono haikuachia. Hili lazima niliseme, sitalificha kwa sababu simpendi. Hakuachia.

Tako la chupa likakatika. Maji yakamwagika, fwaa! Na Kibonge akatoka nayo, akaanguka matopeni, pwata.

Hakusogea.

Bi Rukia akamwendea. Akamgusa kwa pua. Hakusogea. Kinyonga aligeuka mweusi tii, hata macho.

Halafu kakoo kale kadogo kakavimba. Kakanywea. Kakavimba tena.

"Kwa," akasema Kibonge.

Ndogo tu, wala si kwaa. Kwa.

"Sasa unapiga kelele," akasema mama yake, "na hujala tangu asubuhi." Akamtia kifuani pake, akamfunika kwa mkono, hakuna aliyeuona tena uso wake kwa muda.

Hapana aliyepiga kigelegele. Hapana aliyetuza.

"Nimefurahi kabisa," ikasema sauti kutoka matopeni. "Sasa je, yuko atakayenigeuza, au ndio nimezikwa?"

Wakacheka mpaka Kanga akakosa pumzi. Wakamgeuza Kobe. Nungunungu akiwa na meno yake tayari akamkata ile pete shingoni, kat! Kobe akanyoosha shingo, akaigeuza huku, akaigeuza kule, kama mtu aliyepewa shingo mpya. Chatu akasogea akiona haya, akainama mbele ya Nyani. Nyani mwenyewe akamvua ule mfuko mwekundu kwa mkono wake. Ngozi iliyokwama ikatoka yote kwa pamoja, na chini yake Chatu aling'aa kuliko mifuko yote ya duniani.

Nyani akaketi akichomoa miiba tumboni. "Sasa tutawatuza nini?" akauliza. "Maua yananyauka. Mtasema nimewadharau."

Bi Rukia akafikiri. "Anayenipenda," akasema, "aingie majini, atoe kimoja kilichomo, aje anionyeshe. Hiyo nitaiita tuzo. Na aondoke nacho."

Nyani akaangalia maji. Nyani hapendi kulowa. Akaingia mpaka kiunoni, anatetemeka, akatoa kichupa kilichojaa matope, akakiinua juu ya kichwa, wakampigia kigelegele. Na hicho ndicho kigelegele cha kwanza siku ile kilichokuwa na maana.

Tangu hapo desturi ikawa hiyo. Ukija Kitopeni unaingia majini kwanza. Vizibo wakavitoboa, wakavitunga kamba, wakamfunga Kenge mkiani kuwa njuga, na sasa ngoma inalia ndu-cha, ndu-cha. Mifuko wakaisokota kamba ya kufungia njuga zenyewe. Chupa zilizobaki ukoo wa Nyani ulizibeba mpaka kando ya barabara, wakazipanga vizuri. Wakapita kina mama wenye magunia, wale wanaokusanya chupa zikayeyushwe ziwe ndoo na mabeseni. Wakaona chupa zimepangwa, zimeoshwa.

"Eti, nani kaziweka hapa?"

"Watoto wa shule, bila shaka."

Watoto wa shule! Nilipoisikia hiyo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kazi ya watoto wa shule nimeiona leo uwanjani.

Na ile chupa ya samawati? Hawakuipeleka. Nungunungu aliikata na shingo pia, ikabaki bomba, wazi huku na wazi kule. Wakailaza juu ya jiwe. Kila mwaka, ngoma ikikolea, Kibonge anakuja. Mkubwa sasa, mnene, kajaa pande zote. Anarudi nyuma, anajaza koo, anaruka, fyu! anaingia huku, fyu! anatokea kule. Watazamaji wananyamaza mpaka atoke. Ananyanyua kiganja chake kile. Ndipo wanapoitikia.

Kwaa!

Sasa ndiyo.

Maana ya hadithi nitaisema waziwazi, sina muda wa kufumba. Unachokitupa hakibaki pale ulipokitupa, kinakwenda kuwa mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Ukimpenda kiumbe, chatu awe au chura, usimwachie taka ukaiita zawadi. Na ngoma ikiwa tamu sana, nyamaza kidogo usikie kama yupo anayegonga.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, nataka nipite ule uwanja nisione hata kizibo. Nitapita na mbuzi, yeye ndiye atakayekagua.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa Kitopeni, miguu ikiwa na matope. Mama Zaituni, chumvi iko kwenye kopo nyuma ya mlango. Na kopo ulirudishe.